Uso wa Kishindo

Enzi zetu pale Songea shujaa alikuja kwa basi, tena alichelewa. Jina lake lilikuwa Kishindo. Alikuwa mtu wa kuchorwa, ndani ya kitabu chembamba cha katuni kilichopigwa chapa Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa kuwatetea wanyonge. Akikanyaga ardhi kwa mguu wa kulia, majambazi wote walianguka chali na bunduki zikawaponyoka. Aliweza kuvuka bahari kwa hatua tatu. Lakini kufika kwetu alihitaji basi, na wakati wa mvua basi lilikwama matopeni siku mbili, tatu, Kishindo akiwa humo ndani, anasubiri abiria wasukume. Sisi watoto hatukuona ajabu. Kila kitu kizuri kilichelewa kufika Songea, kwa nini yeye awahi?

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka. Mtakumbuka kibanda kimoja cha magazeti karibu na stendi, na mwenye kibanda tuliyemwita Baba Magazeti, aliyeanika vitabu kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mtakumbuka baridi ya mwezi wa sita, tunasimama pale kwenye kamba tukiwa tumejifunika kanga za mama zetu, pua zinatiririka, tunasoma jalada tu kwa sababu ndani hakufunguliwi bila kununua. Kitabu kipya kilinukia wino na dizeli. Mpaka leo basi likinipita nikasikia ule moshi, nafumba macho kidogo.

Kaka yangu Odilo ndiye aliyekuwa navyo. Alinizidi miaka mitano. Nimemzika mwaka huu, kwa hiyo mnisamehe kama nitamtaja sana.

Mtaani kwetu mtoto mwenye Kishindo toleo la kwanza mpaka la sita, yote na majalada yake, aliheshimiwa kuliko mtoto mwenye baiskeli. Wengine walikuwa na moja moja. Walikuja watoto kutoka Mfaranyaki na toleo la tatu lisilo na jalada, wanataka kubadilishana kwa gololi, au kwa kikapu cha masuku yaliyoiva mpaka yanapasuka. Odilo hakubadilisha. Aliwasomea. Jumamosi mchana, baada ya kufua sare, alitandika mkeka nyuma ya nyumba, na kila aliyetaka kusikiliza alinawa mikono kwanza. Mwenye kunuka dagaa alirudishwa. Mwenye makamasi alikaa nyuma. Odilo peke yake ndiye aliyefungua kurasa, na aliwasemea wote: Kishindo kwa sauti nzito ya kifuani, na majambazi, wote bila kubagua, kwa sauti ya mwalimu wetu mkuu. Tulicheka mpaka mama akatokea mlangoni na mwiko.

Sasa, mwishoni mwa toleo la sita yaliandikwa maneno haya: katika toleo la saba, Kishindo atavua kinyago chake. Maana hatukuwahi kumwona uso. Tangu siku hiyo hatukutulia. Kwenye foleni ya maji, kwenye kombolela, hata kanisani wakati wa mahubiri, tulikuwa tunanong'onezana, ni nani? Wengine walisema ni mwanajeshi. Wengine walisema ana kovu. Saidi, ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka Tunduru, alisimama katikati ya mkeka na kutangaza:

"Kishindo ni Myao. Mtaniambia siku akivua."

"Myao gani anayeruka?" Odilo akamjibu. "Nyinyi mnajua kubangua korosho tu."

"Mngoni naye anajua nini? Kula panya."

"Tena wa kuchoma! Hao ndio wanaotupa nguvu."

Walisukumana wakaangukia ndoo ya maji, na hapo mjadala ukaisha.

Toleo la saba lilifika likiwa limelowa. Furushi zima lilinyeshewa juu ya basi, na Baba Magazeti aliokoa vitabu viwili tu vya katikati. Kimoja kilichukuliwa na mwalimu mgeni ambaye hakuwa na mazoea na watu. Cha pili alikipata Odilo. Alikuwa amemwahidi Baba Magazeti kwamba atamchorea kibao cha kibanda chake, na alikichora kweli, siku tatu, kwa mkaa na rangi iliyobaki kwenye kopo la mtu. Hicho kilikuwa kibao cha kwanza katika maisha yake. Alirudi nyumbani na kitabu kifuani ndani ya shati, anatembea wima kama aliyebeba yai.

Alikisoma jioni hiyo akanisimulia kidogo. Lakini ukurasa wa mwisho hakuufungua. "Huo tutausoma wote Jumamosi," aliniambia. "Nikiuona peke yangu nitakuwa mwizi." Alikuwa na umri wa miaka kumi na mbili. Sijui watoto wangapi wa leo wangeweza hivyo. Sijui hata mimi ningeweza.

Ijumaa akaja Babu kutoka Namtumbo, na gunia la mahindi na harufu yake ya tumbaku. Alikuwa mkulima wa tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa kwenye vibanda viitwavyo mabani kwa moto wa kuni, na moshi ule ulikuwa umemwingia mpaka kwenye kope. Babu alikuwa baba mzazi wa baba yetu, kwa hiyo mama yetu alikuwa mkwewe, nanyi mnajua heshima ya mkwe kwetu. Hakuingia ndani. Alilala kile chumba cha nje, alikula barazani, na mama alimpelekea chakula akiwa amepiga magoti na kutazama pembeni. Sisi wajukuu tu ndio tuliokuwa huru naye. Mimi aliniita mke wangu. Odilo alimwita mume mwenzangu, kwa sababu walikuwa wanagombania bibi yetu, ambaye wakati huo hakuwa na jino hata moja la mbele.

Jumamosi asubuhi mama alikwenda sokoni, na Odilo alikwenda kuchota maji. Nilikuwa nachambua kunde barazani.

"Mke wangu," Babu akaniita, "nitafutie kikaratasi nisokote tumbaku. Laini. Hii ya daftari inakwangua koo."

Tulilelewa kwamba ukitumwa na mkubwa hutembei, unakimbia. Nilikimbia ndani. Gazeti halikuwapo. Karatasi ya sukari ilikuwa ngumu kama ubao. Juu ya sanduku la bati la Odilo, chini ya shati lake la shule, kulikuwa na Kishindo toleo la saba. Pini yake ilikuwa imeshika kutu kwa ile mvua, na ukurasa wa mwisho ulikuwa umeachia, umening'inia. Niliwaza hivi, nakumbuka kabisa: kina kurasa nyingi, huu mmoja umeshang'oka wenyewe. Nikauchukua. Sikuutazama. Nasema kweli, sikuutazama hata upande mmoja. Nilikuwa na miaka saba na nilikuwa nimetumwa.

Babu hakujua kusoma. Aliuchana vipande virefu, akasokota cha kwanza, akawasha kwa kijinga cha jikoni. "Ahsante, mke wangu. Hii ndiyo karatasi." Siku hiyo hapakuwa na upepo. Moshi ulipanda umenyooka juu ya paa, wa buluu, taratibu, nami nilikaa na kunde zangu mapajani nikiutazama unavyopotea. Uso wa Kishindo ulikuwa humo.

Mchana watoto kumi na wanne walinawa mikono. Haujawahi kuwapo mkeka uliojaa vile. Saidi alivaa kanzu ya sikukuu. Odilo alisoma polepole kuliko siku zote, na tulipofika mahali Kishindo amezungukwa na watu wote wa mji, wanamwambia tuonyeshe uso wako, na yeye ameinua mkono kuelekea kinyago, hata kuku walinyamaza. Odilo akafunua.

Hapakuwa na kitu. Lilikuwapo jalada la nyuma, na tangazo la sabuni.

Alikigeuza kitabu. Akainua mkeka. Akatazama chini ya miguu ya wenzake, mmoja mmoja. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nani?"

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Babu, aliyekuwa amekaa pembeni ukutani akivuta, alinitazama, akatazama kipande alichokuwa nacho kidoleni, akaelewa.

"Ni mimi, mume mwenzangu," akasema. "Niliingia nikaona karatasi laini, nikaichukua mwenyewe. Nimemvuta mtu wenu."

Odilo alikikumbatia kitabu. Na hapo Saidi, Mungu amweke pema naye, akapiga ukelele: "Babu amemvuta Kishindo!" Mtoto mmoja akacheka. Wakafuata wengine. Odilo alikuwa kati ya kulia na kucheka, machozi yanamtoka, akafikiri, halafu akasema taratibu kama hakimu:

"Basi Kishindo yumo ndani ya Babu."

Babu akasimama. Akavua ndala. Akainua mguu wa kulia mweusi wenye magaga, akaukanyaga chini, puu! na vumbi likatimka. Watoto wote tukaanguka chali. Nami nilianguka. Nililala pale natazama mawingu, nikaogopa kuinuka, kwa sababu wenzangu walikuwa wanacheza, mimi sikuwa nacheza.

Tangu hapo kila Babu alipokuja kutoka Namtumbo, habari ilitangulia, na watoto wa mtaa mzima walijipanga barazani waangushwe. Shikamoo Babu, marahaba, puu, chini. Hata mama yetu, aliyeona aibu kumtazama mkwewe, alikuwa akicheka nyuma ya mlango.

Odilo alichora ukurasa wa mwisho mwenyewe. Alikaa nao wiki nzima, akaubandika kwa gundi ya unga, na toleo la saba likaendelea kusomwa kwa miaka, Jumamosi kwa Jumamosi, likiwa na ukurasa huo. Mimi sikuuona. Usomaji ulipokaribia mwisho niliinuka. "Mama ananiita," nilikuwa nasema. Watoto walicheka, wakasema Kandida ana kibofu kidogo. Niliwaacha waseme hivyo.

Sikumwambia Odilo. Babu alifariki na siri yangu. Toleo la nane halikuja. Baba Magazeti alisema wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka tukaota ndevu na matiti tukaacha kuuliza.

Odilo akawa mchora mabango. Nusu ya vibao vya saluni na maduka ya mjini kwetu vilitoka mkononi mwake, na ukitazama vizuri wale wanaume waliochorwa kwenye milango ya vinyozi, mabega yao ni ya Kishindo. Vitabu vyake saba alivihifadhi kwenye lile sanduku la bati, na kati ya kitabu na kitabu aliweka jani la tumbaku la kufukuza mende. Mara kwa mara alikuwa akiniambia, "Kandida, siku moja tukae tulisome lile la saba mpaka mwisho." Nami nikasema, tutakaa. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na shamba, nilikuwa na sababu. Akaugua wiki mbili tu.

Siku ya arobaini ukoo ulikusanyika kugawa vitu vyake. Suti kwa huyu, brashi kwa yule. Lilipofika sanduku, wifi yangu Skola, mjane wake, akasema, "Hili alisema lisiguswe mpaka Kandida aseme."

Na siku hiyo hiyo alikuwapo mgeni. Kijana anaitwa Baraka, ametoka Dar es Salaam. Alikuwa amefahamiana na Odilo kwenye simu, kwenye kundi la watu wanaokusanya vitabu vya katuni vya zamani. Sikujua kama kuna watu wazima wenye kazi zao wanaofanya hivyo. Alitupa pole, akakaa na wanaume, akala kande, na muda ulipofika akaeleza kwa adabu. La kwanza mpaka la sita, alisema, yanapatikana, ukitafuta unapata. La saba halipatikani. Lilikuwa la mwisho kuchapwa, na machache yaliyobaki yaliharibika. "Tunalitafuta, Mama, kama watu wa Tunduru wanavyochekecha mchanga wa mto kutafuta vito." Akataja atakachotoa. Sitakiandika hapa, ila wazee walikohoa.

Nilimkubali alipofanya jambo moja. Kabla ya kushika kitabu aliomba maji, akanawa mikono.

Alikifungua juu ya mkeka, akanusa, akatabasamu. Kisha akauliza, "Mama, kimekamilika?"

Baba yetu mdogo alikuwa amekaa nyuma yangu. Akanong'ona, "Sema kimekamilika. Atajuaje huyu? Fikiria watoto wa marehemu."

Niliwafikiria. Walikuwa pale mlangoni, wanne, mdogo ana meno mapya. Nilimfikiria na Babu, na kile kipande cha karatasi kidoleni mwake. Miaka yote hii ukweli ulikuwa umekaa palepale kwenye ulimi, haukusogea.

"Hapana," nikasema. "Ukurasa wa mwisho si wenyewe. Ule wenyewe niliutoa mimi, nikampa Babu akasokotea tumbaku. Si yeye aliyeuchukua. Alisema uongo kunifichia aibu, na kaka yangu amekufa bila kujua."

 Baba mdogo alisonya. Kisha wifi yangu Skola, ambaye alikuwa hajatabasamu siku arobaini, akaanza kucheka huku analia.

"Wifi," akasema, "Babu alikuwa baba mkwe wa mama yenu. Baba mkwe ataingiaje vyumba vya ndani? Nani angeamini? Odilo alinisimulia hiyo habari mwaka ule aliponioa. Alijua siku ileile."

 Mtoto wa miaka saba hajui kwamba uongo wa mkubwa una tundu la kupita ng'ombe. Lakini kubaki na miaka saba maisha yangu yote, hilo ni kosa langu.

Baraka naye alikuwa anatazama simu yake. "Mama," akasema, "kuna mzee mmoja ana nakala iliyochanika. Jalada hana, ila ukurasa wa mwisho anao. Alinitumia picha. Ungependa kuuona?"

Nilivaa miwani. Nilikuwa naona kama watoto wote kumi na wanne wako nyuma yangu, wanasukumana. Kwenye picha Kishindo ameshika kinyago. Anakivuta. Vumbi linatimka, linajaa ukurasa mzima, na katikati ya vumbi hakuna uso. Chini kumeandikwa: usikose toleo la nane.

"Ni hivyo tu," Baraka akasema. "Hakuna aliyewahi kumwona." Halafu akafungua ukurasa wa Odilo, akauinamia. "Isipokuwa hapa."

Nikatazama. Alikuwa Babu. Kofia yake, kope zake za moshi, pengo lake. Kinyago kiko mkono mmoja, sigara ya kusokota mkono wa pili, mguu wa kulia uko juu. Na gotini pake yuko mtoto wa kike, nywele mafundo manne, anamnyooshea karatasi. Chini, kwa mwandiko wa darasa la sita, Odilo ameandika: Huyu ndiye anayempa nguvu.

Wote walikuwa wanajua. Kila Jumamosi, miaka yote ile, nilipoinuka kwa kibofu changu kidogo, wenzangu walifunua wakaniona nimesimama pale karibu na shujaa.

Baraka alikifunga kitabu akanirudishia kwa mikono miwili. Alisema hicho hakikusanywi, kina watu wake. Yale sita niliwaachia wifi na watoto waamue, wakampa, na wamefanya vizuri.

Watoto wa siku hizi wana mashujaa wengi kuliko kunguru. Wanaruka ndani ya simu, wana rangi, wana ngurumo, hawakwami matopeni. Nilipomsimulia habari hii kijana wa Odilo aliuliza, "Shangazi, sasa si mngeangalia mwisho wake mtandaoni?" Simlaumu. Anajua mwisho wa kila kitu kabla ya chakula kuiva, na hajawahi kusimama kwenye baridi akitamani kitu kilichobanwa kwenye kamba. Sisi tulisubiri. Tulisubiri vizuri sana, tena kwa pamoja, na mkeka ulitutosha. Leo kila mmoja ana kioo chake na kona yake, na nyuma ya nyumba pale petu wamejenga fremu za maduka.

Jumamosi iliyopita, baada ya kufua, nilinawa mikono nikatandika mkeka. Nilikisoma chote kwa sauti. Kishindo nilimsemea kutoka kifuani, na majambazi kwa sauti ya mwalimu mkuu, vibaya kuliko Odilo. Nilipokaribia mwisho nilitega sikio, kwa mazoea. Mama hakuniita. Nikabaki nimekaa, nikafunua.